Taa wa Java: samaki aliyeonekana mara moja, kisha akafutwa

Samaki mwenyewe ana sentimita 33 tu, kutoka ncha ya pua mpaka ncha ya mkia. Chukua rula ya shule, ongeza upana wa vidole viwili, umempata. Alinunuliwa sokoni Jakarta, mji ambao enzi za Waholanzi uliitwa Batavia, mwezi Julai 1862. Tangu siku hiyo hakuna aliyeandika kwamba kamwona mwingine wa aina yake. Kisha tarehe 11 Desemba 2023, kwenye mkutano wa tabianchi wa COP28 kule Dubai, shirika la uhifadhi la kimataifa, IUCN, lilitoa toleo jipya la Orodha Nyekundu ya viumbe walio hatarini, na taa huyu, Urolophus javanicus, akaandikwa miongoni mwa waliotoweka duniani. Tathmini iliongozwa na Julia Constance wa Chuo Kikuu cha Charles Darwin, Australia, na kauli iliyotoka nayo ilikuwa nzito: huyu ni samaki wa kwanza wa baharini anayejulikana kutoweka kwa mkono wa binadamu.

Habari ilizunguka siku mbili tatu, ikapoa. Mimi ilinikaa. Nimeshinda asubuhi nyingi kwenye madiko ya Unguja nikihesabu samaki, na swali lililonisumbua ni la kihesabu kwanza kabla ya kuwa la huruma: kiumbe uliyemwona mara moja, unamfutaje? Mgeni akiingia dukani kwako siku moja asirudi tena, hujui kama amefariki au alikuwa anapita tu kwenda kwao. Ndiyo maana nimekipitia kisa hiki kama jalada la mahakama, nikitenganisha kilichoonekana na kilichokisiwa. Nakubaliana na hukumu. Sababu iliyotajwa ya kifo, hiyo naipokea kwa tahadhari zaidi kidogo.

Mnunuzi

Aliyemnunua ni Mjerumani, Eduard von Martens, aliyefika Asia na msafara wa meli za Prussia zilizokwenda kutafuta mikataba ya biashara na Japani, China na Siam. Wanadiplomasia walifanya yao, yeye kazi yake ilikuwa kukusanya wanyama. Hakuwa hasa mtu wa samaki. Mapenzi yake yalikuwa konokono na kombe, na miaka mingi baadaye, 1897, ndiye aliyeandika kitabu cha konokono na kombe wa Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kwa hiyo jina lake si geni kabisa pwani yetu, kwa wale wanaofuatilia mambo ya makombe.

Mwaka 1864 alimtangaza taa wake kwa jina la Trygonoptera javanica. Wataalamu wa baadaye wakamhamishia kwenye jenasi, yaani kundi la ndugu wa karibu, ya Urolophus. Kielelezo kipo hadi leo katika makumbusho ya Berlin, Museum für Naturkunde. Ni makumbusho yale yale anakosimama mjusi mkubwa wa Tendaguru, aliyechimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913, yule ambaye kila baada ya muda mbunge fulani husimama Dodoma kuuliza atarudishwa lini. Basi chini ya paa moja wako wawili waliotoweka. Mmoja ana ukumbi wake na watu hupiga naye picha, wa pili ni mdogo kiasi cha kutosha ndani ya sufuria.

Mwili unavyosimulia

Kwa kuwa hakuna mtu aliyewahi kumwona huyu akiwa hai baharini na kuandika, maisha yake inabidi tuyasome kwenye mwili na kwa ndugu zake. Ndugu ni wengi, hasa Australia, na wamechunguzwa vizuri. Ni taa wadogo, wengi hawafiki sentimita 80, wenye mwili wa mviringo na mkia mfupi.

Mkia ndio utambulisho. Taa tuliowazoea sisi, awe yule wa madoa ya buluu anayejificha chini ya matumbawe au nyenga mkubwa wa mchangani, ana mkia mrefu unaokwisha kama mjeledi. Wazee walijua kuutumia: walikausha mkia wa taa ukawa kiboko, na wapo walimu wa chuoni wanaokumbukwa kwa hicho kiboko kuliko kwa walichofundisha. Taa wa Java hakuwa na mjeledi. Mkia wake ulikuwa mfupi, mwisho wake kuna pezi lenye umbo la jani, juu yake kuna mwiba, na mbele ya mwiba kipezi kidogo kimesimama mgongoni mwa mkia. Rangi yake ilikuwa kahawia yenye madoa hafifu, mengine meusi kidogo, mengine meupe kidogo. Kwa mtu aliyezoea, samaki huyu hachanganyiki na mwingine: unashika mkia tu, umemaliza.

Mwili wote wa taa ni jibu la swali moja: utaishije umelala kifudifudi kwenye mchanga? Mpindue taa yeyote kwenye sakafu ya mnada utaona ninachosema. Upande wa juu una rangi ya tope au mchanga, macho yametokeza, na nyuma ya kila jicho kuna tundu. Kwa taa wa Java tundu hilo lilikuwa na umbo la mkato, kama ule tunaoweka katikati ya sentensi. Upande wa chini ni mweupe kama tumbo la mjusi kafiri, na huko ndiko kuliko mdomo, pua na mistari mitano ya mashavu kila upande. Watoto wanaoletwa diko mara ya kwanza hucheka, kwa sababu upande huo unafanana na uso wa mtu aliyekasirika, pua zikidhaniwa ni macho.

Samaki wa kawaida huvuta maji kwa mdomo. Taa aliyelala mchangani akifanya hivyo atajaza mashavu mchanga. Yeye huvuta maji kwa yale matundu ya nyuma ya macho, upande wa juu ambako maji ni safi, akayatoa kwa chini. Taa akijifukia vizuri, kinachobaki kuonekana ni macho mawili na matundu mawili yanayofunguka na kufunga taratibu. Wapiga mbizi wa pweza wanaijua alama hiyo, na ndiyo sababu wakitembea kwenye maji mafupi huburuza nyayo badala ya kuzinyanyua: taa akiguswa ubavuni hukimbia, akikanyagwa mgongoni hupiga mwiba.

Chakula chake hakioni, kwa sababu macho yako juu na chakula kiko chini yake. Hukisikia. Kuzunguka mdomo wa taa kuna vitundu vidogo vilivyojaa ute, vinavyoitwa vitundu vya Lorenzini, vyenye uwezo wa kunasa umeme hafifu unaotoka kwenye misuli ya kaa au mnyoo aliyejizika. Akishampata, hufunika mahali pale kwa mwili, huvuta na kupuliza maji mpaka mchanga uchimbike, kisha husaga kwa meno madogo yaliyopangika kama mawe ya kutandika uani. Ndugu za taa wa Java hula kamba, kaa wadogo na minyoo ya mchangani, na hakuna sababu ya kudhani yeye alikula kingine.

Mifupa hana, ana gegedu, kama papa. Na kama papa, damu yake imejaa yurea ili maji ya chumvi yasimkaushe. Mpishi yeyote wa pwani anaifahamu yurea hiyo bila kuijua jina: ndiyo inayogeuka harufu kali taa akichelewa kuoshwa, na ndiyo sababu taa huchemshwa na kukamuliwa kwanza kabla ya kuonja nazi.

Ukiyaweka yote hayo pamoja unapata mnyama asiyekimbia. Silaha yake ya kwanza ni kutoonekana na ya pili ni mwiba. Papa akipita juu, kulala kimya kunamwokoa. Wavu unaokokotwa chini haumtafuti kwa macho, unakomba kila kilicholala.

Watoto wachache

Hapa ndipo kesi inapokuwa nzito, na hapa nitakaa kidogo.

Changu jike hutaga mayai maelfu kwa maelfu, akayaachia maji yaende nayo. Taa hatagi. Ndugu za taa wa Java waliochunguzwa Australia hubeba mimba miezi kumi au hata mwaka, na huzaa mtoto mmoja hadi sita, mara nyingi wachache kuliko sita. Mwanzoni mtoto hula kiini cha yai lake. Kikiisha, ukuta wa tumbo la uzazi huota nyuzi laini zinazotoa ute mzito wenye mafuta na protini, na mtoto hunywa huo mpaka kuzaliwa. Wataalamu wameuita maziwa ya tumbo, na jina hilo linafaa. Mtoto huzaliwa kamili, mfano wa mama yake mdogo, tayari kuwinda.

Kwa mama ni uwekezaji mkubwa kwa watoto wachache, na mpango huo unafaa sana bahari ikiwa shwari. Kuna kasoro moja tu: taa wa jamii hii wakishikwa hutoa mimba. Msukosuko wa wavu unatosha. Hata mvuvi mwenye huruma akimrudisha mama majini akiwa hai, uzazi wa mwaka mzima umeshabaki kwenye wavu.

Nimeliona hilo kwa taa wa kwetu. Juya lilikuwa limevutwa mpaka ufukweni, watu wanatenganisha dagaa na vibua, na taa jike asiyezidi upana wa sahani ya pilau alikuwa ametupwa pembeni. Akatoa vitoto viwili hapo hapo juu ya mchanga. Vilikuwa vimejikunja kama sambusa ambayo haijabanwa vizuri, mapezi yamekunjamana juu ya mgongo, na mwiba wa kila kimoja umevikwa ala laini ili usimchome mama tumboni. Kimoja kilikuwa bado kina kifuko cha kiini, rangi ya ute wa yai. Mtoto mmoja wa kiume alivichukua akavirusha majini, akarudi mbio kugombea vibua. Sidhani kama vilifika popote.

Sasa hesabu. Samaki anayetaga maelfu anaweza kupunguzwa sana mwaka huu, akajaa tena miaka michache mbele. Taa wa watoto wawili watatu kwa mwaka, tena akiwa lazima afikie utu uzima kwanza, hawezi. Ukivua kila mwaka zaidi ya anachozaa, hata kama zaidi hiyo ni ndogo, idadi inashuka, na inashuka kimya kimya kwa sababu samaki wengine kwenye wavu ule ule bado wapo na wavu unaendelea kulipa. Hakuna mvuvi anayeacha kuvua kamba kwa sababu taa wamepungua.

Bahari yenyewe

Bahari ya Java ni fupi ya kina. Wastani wake ni mita 46 hivi, na sehemu kubwa ya sakafu yake ni tope na mchanga, malisho mazuri kwa taa. Ghuba ya Jakarta ni fupi zaidi, na mito 13 inamwaga humo. Tangu enzi za Batavia ghuba hiyo imepokea kila kitu mji ulichokitupa, na mji wenyewe pamoja na vitongoji vyake sasa una watu zaidi ya milioni 30. Mikoko ilikatwa, fukwe zikajazwa kifusi, viwanda vikapanga mstari kaskazini yote ya Java. Tope ambalo taa hulilalia na kulichimbua kwa mdomo ndilo linalohifadhi metali nzito zinazoshuka na mito. Samaki wa maji ya juu anaweza kuhama. Anayekula kilichozikwa kwenye tope anakula na uchafu uliozikwa nalo.

Uvuvi nao ulianza kuuma mapema kuliko wengi wanavyodhani. Tathmini inaeleza kwamba samaki wa pwani katika Bahari ya Java walikuwa wameanza kupungua kufikia miaka ya 1870, wakati bado ni matanga na makasia. Mashine zilikuja baadaye: katika miaka ya 1960 meli za kukokota nyavu zilienea, zikagombana na wavuvi wadogo mpaka boti zikachomwa moto, na mwaka 1980 serikali ya Indonesia ikazipiga marufuku magharibi mwa nchi. Kokoro la aina nyingine, wenyewe wanaliita cantrang, likachukua nafasi yake. Sisi tuna toleo letu la mgogoro huo: Tanzania ilisimamisha meli za kukokota kamba mwaka 2007, na Kenya ilifanya hivyo Ghuba ya Ungwana mwaka 2006. Mjadala ulikuwa zaidi wa kamba na ugomvi na wavuvi wadogo kuliko wa taa.

Ushahidi wa asiyekuwepo

Kuthibitisha kwamba kitu hakipo ni kazi ya kuchosha, na IUCN wenyewe wanajua. Machi 2020 walimtangaza ametoweka samaki mwingine wa kielelezo kimoja, Sympterichthys unipennis wa Tasmania, kidude kinachotembea sakafuni kwa mapezi yenye umbo la mikono, ambacho Mfaransa François Péron alikikusanya mwanzoni mwa karne ya 19. Mwaka uliofuata, 2021, wakalifuta tangazo wakamweka kwenye safu ya wasio na taarifa za kutosha. Walikubali kwamba hakuna aliyekuwa amemtafuta vya kutosha. Ndiyo maana sifa ya kuwa samaki wa kwanza wa baharini ilibaki wazi, na miaka miwili baadaye ikamwangukia taa wa Java.

Je, kwa huyu walijifunza? Naona walijifunza. Tangu 2001 watafiti wa Indonesia na Australia wamekuwa wakipita masoko na bandari za samaki, wakipima na kupiga picha papa na taa, kuanzia Jakarta kaskazini mpaka Cilacap na Pelabuhanratu kusini. Kinachonishawishi si wingi wa safari zao. Ni kwamba walikuwa wanakuta vitu. Kazi hiyo ndiyo iliyoleta papa na taa ambao sayansi haikuwa na majina yao. Papa mdogo Mustelus widodoi, kwa mfano, alipewa jina mwaka 2006. Wavu wa macho unaonasa spishi mpya kabisa ungeshindwaje kunasa taa mwenye mkia wa jani, ambaye picha na vipimo vyake tayari vilikuwa mkononi?

Na pale Java taa hatupwi. Wanamwita pari, na taa wadogo huchomwa kwa moshi wakauzwa barabarani. Kwa hiyo huwezi kujitetea kwamba pengine anavuliwa na kurudishwa baharini asifike sokoni. Akinaswa, atafika.

Kuna atakayeuliza: na silikanti je? Dunia ilisema ametoweka tangu zama za mijusi wakubwa wa kale, akaibuka Afrika Kusini mwaka 1938, na kuanzia 2003 wavuvi wa Tanzania, hasa wa Tanga, wakawa wanamnasa kwenye majarife mpaka serikali ikatenga hifadhi yake. Tena Indonesia yenyewe ilimpata silikanti wake sokoni Manado mwaka 1997. Hoja nzuri, lakini silikanti anaishi kwenye mapango ya miamba, kina cha zaidi ya mita 100, ambako nyavu hazikuwa zikifika. Tanga walimpata pale majarife yaliposhushwa kina kirefu. Samaki anayejificha mahali pasipofikika anaweza kusubiri wanasayansi miaka sabini. Samaki wa tope la maji mafupi, mbele ya mji wa mamilioni, hana pa kusubiria.

Lakini alitoka wapi?

Hapa ndipo tahadhari yangu ilipo. Maneno kwamba aliishi maji mafupi mbele ya Jakarta yanatokana na jambo moja tu: alinunuliwa sokoni Jakarta. Soko si bahari. Kila aliyefanya kazi diko anajua samaki husafiri. Nimemwona nguru wa Pemba akiuzwa Malindi, Unguja, na muuzaji akiapa amevuliwa asubuhi ile Chumbe. Von Martens alinunua samaki, hakununua ramani.

Kuna ushahidi mwingine ambao nashangaa hautajwi sana. Kabla ya von Martens, daktari wa jeshi la Waholanzi, Pieter Bleeker, alikaa visiwani humo kuanzia 1842 hadi 1860, miaka mingi akiwa Batavia kwenyewe. Bleeker alikuwa mgonjwa wa samaki. Alinunua, alichuna, alichora na kuandika mpaka vielelezo vyake vikapita 12,000, na mpaka leo ukishika samaki wa Indonesia au hata wa Zanzibar, huenda jina lake la kisayansi lilitoka kwake. Masoko yale aliyajua kuliko Mzungu yeyote wa wakati wake. Na hakuwahi kumpata taa huyu. Kisha anatokea mtu wa konokono, yuko safarini, anampata.

Hilo linaniambia moja kati ya mawili. Ama taa huyu alikuwa adimu tayari kabla ya 1862, kabla ya upungufu wa miaka ya 1870 na karne moja kabla ya meli za kukokota. Au makao yake hayakuwa pale, na yule mmoja alifika sokoni kwa bahati. Jenasi hii ina tabia hiyo: ndugu yake wa visiwa vya Kai, mashariki mwa Indonesia, Urolophus kaianus, anajulikana kwa vitoto viwili vilivyovuliwa na meli ya utafiti ya Waingereza, Challenger, mwaka 1874 kwenye kina cha mita 236. Ni taa wa mteremko wa bahari kuu, mahali ambapo wavu wa kijijini haufiki.

Uwezekano wa kwanza hauidhoofishi hukumu. Adimu mwenye watoto wachache ndiye wa kwanza kuisha, na hata uvuvi wa matanga ungemtosha. Fikiria pia umri wa bahari hiyo: miaka 20,000 iliyopita, maji ya dunia yakiwa chini kwa mita 120 hivi, Bahari ya Java ilikuwa nchi kavu na mito ilipita pale meli zinapopita leo. Kila taa anayeishi humo ni mhamiaji, na baadhi ya wahamiaji pengine hawakuwahi kuwa wengi.

Uwezekano wa pili ndio mlango pekee uliobaki wazi, na hata huo umefungwa nusu. Pelabuhanratu na Cilacap ziko kusini mwa Java, zinaangalia Bahari ya Hindi yenye kina kirefu, na boti zao huleta samaki wa mteremko. Huko pia hakuonekana. Ndiyo maana nasema hukumu ya kutoweka naiafiki. Ile sentensi ya pili, kwamba ni sisi tuliommaliza, ni kisio zuri lenye mantiki, lakini limejengwa juu ya risiti moja ya soko.

Daftari la diko

Kuna jambo moja la kisa hiki linalotuhusu zaidi ya tunavyopenda kukubali. Papa upanga, ambaye naye ni jamaa ya taa ingawa jina linamwita papa, amepotea karibu kote pwani yetu, lakini amepotea kwa kishindo: wazee wanamkumbuka, na msumeno wake bado umetundikwa ukutani kwenye nyumba za wavuvi. Taa wa sahani moja akiisha haachi kitu ukutani. Anabaki kwenye takwimu tu, na takwimu zenyewe zinamwita jina moja na wenzake wote. Hata hesabu za FAO zina fungu la taa na nyenga wasiotajwa aina, na ndimo wanamoangukia wengi wa ukanda huu.

Mara ya mwisho nilipokaa na bwana diko mmoja, lilitua dau lenye taa wa aina tatu. Nilipindua mmoja mmoja. Wawili walikuwa wa madoa ya buluu, mmoja wa kahawia mwenye pua kali ambaye sikumtambua upesi, na wanne wadogo wa jenasi ya Neotrygon, wenye utepe mweusi machoni kama mwizi wa katuni. Wote mikia ya mjeledi. Hata mimi nilijicheka kwa kuangalia. Nilimwomba anipe dakika nimpige picha yule wa pua kali. Dalali alikuwa ameshaanza kupandisha bei, na mchuuzi aliyeshinda alimtumbukiza ndoo kabla simu haijafunguka. Bwana diko akauliza uzito, akaambiwa, akaandika: taa, kilo 5. Mvua ilikuwa inaanza kudondoka kwenye karatasi, akafunga daftari.